Goti la Kiroboto na Viwanja Vinavyonuka

Ukimkaribisha Fundi Sponji nyumbani kwako, hakai. Utamwambia karibu kiti, atasema asante sana, halafu atapiga magoti hapo hapo kwenye zulia lako, atainua pindo la kitambaa na kuingiza kichwa chini ya sofa kama paka aliyesikia panya. Akitoka huko ndipo anaamua kama atakaa au atasema ana haraka. Mara nyingi ana haraka.

Usimlaumu. Kazi yake ni kushona na kujaza masofa. Kabla hujalijaza sofa lazima ulifungue, na ukishalifungua ndipo unapowajua wenyewe. Watu wanavaa suti, wanapaka manukato, lakini sofa lao lina maganda ya mayai, kucha za miguu, meno ya bandia ya marehemu na panya aliyekaliwa mpaka akawa bapa kama soli ya kandambili. Sponji ameyaona yote hayo, na hapa mimi sijatia chumvi hata chembe. Ndiyo maana ana kinyaa kuliko watu wa kawaida. Glasi ya maji anaigeuza kwanza aone kitako chake. Mkono wa mtu anautazama kucha kabla ya kuushika. Kule juu, husema, kila kitu ni kizuri, maana juu kumewekwa kwa ajili ya wageni. Ukweli uko chini.

Na kwa majigambo, usiseme. Mji wote umekalia mikono yangu, ndivyo anavyosema akishapata msikilizaji. Hakimu, mwalimu mkuu, na mwizi anayemsubiri hakimu, wote makalio yao kayapima yeye. Mkewe akimsikia huwa anaguna tu, kwa sababu masofa ya mji mzima yanang'aa na la kwao limetoboka mpaka ukikaa springi inakusalimia.

Sasa huyu mwenye kinyaa na majigambo ana mjukuu mmoja wa kike, wa miaka sita, mtoto wa binti yao anayefanya kazi mbali. Jina lake la nyumbani ni Kiroboto, kwa sababu kabla hajavunjika alikuwa hatembei, anaruka. Akitumwa chumvi anaruka kwenda, anaruka kurudi, na chumvi nusu inabaki njiani. Kisha siku moja baiskeli iliyobeba magunia ilimpitia pembeni ya barabara, mfupa wa paja ukavunjika karibu kabisa na goti. Akafungwa plasta. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mguu wa kiti cha kukodi, na goti limegoma. Halikunjiki. Mtoto akawa anakaa mlangoni, mguu umenyooka mbele kama fagio, kila anayepita anauruka.

Kliniki kulikuwa na daktari wa mazoezi, binti mdogo tu, kucha fupi safi. Sponji alizitazama akaridhika. Daktari akamlaza Kiroboto, akalikunja goti taratibu, Kiroboto akapiga yowe mpaka wagonjwa wa nje wakasimama. Kisha akamgeukia babu.

"Babu, mimi namkunja hapa, analia, mnaondoka, wiki nzima hakunji tena. Goti hili halikunjwi kwa kulia. Linakunjwa kwa kusahau. Mtafutie pa kuchezea, apande ngazi, abembee, atambae, na awe na watoto wenzake."

"Na asipocheza?"

"Mwezi ujao nitamwambia achutame mbele yangu. Akishindwa tunamlaza, anachomwa sindano ya usingizi, tunalikunja kwa nguvu. Na hapo siahidi chochote."

Kiroboto aliyasikia yote, akaushika mkono wa babu yake. Sponji akapandisha mabega. Akamwambia daktari asipate shida, yeye na pikipiki yake ya mizigo ya magurudumu matatu wamepeleka masofa kila kichochoro cha mji huu na vijiji vinavyouzunguka. Atatafuta kiwanja kizuri mpaka daktari mwenyewe aombe kubembea. Daktari hakucheka. Alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani pa kuchezea hapakuwepo, nakwambia mapema usije ukauliza. Uani ndiko kwenye karakana, chini kumejaa pini na misumari. Mbele ya mlango ni barabara ya malori. Na bibi akimwambia Kiroboto kunja mguu tuone, Kiroboto anajibu kesho. Kila siku ni kesho.

Basi wakaanza na kiwanja cha watoto cha nyuma ya soko, kile ambacho kila mtu mjini anakijua na hakuna anayempeleka mtoto. Pale langoni pamechorwa mtoto anayecheka, rangi imebanduka, mdomo wote umekwenda, sasa ni mtoto asiye na meno anayekutazama tu. Ndani kuna mtelezo mmoja mrefu wa bati. Kwa juu, kusema kweli, unang'aa. Kiroboto akaachia mkono wa babu, akakanyaga ngazi ya kwanza kwa mguu mzima, akaanza kuuvuta ule mgonjwa.

Babu mtu akainama kuchungulia chini ya mtelezo.

Nzi waliinuka wote kwa pamoja. Pale chini, kwenye kivuli kizuri kabisa, watu wa sokoni walikuwa wamepafanya choo, na si mtu mmoja wala si siku moja. Kulikuwa na vya zamani vilivyokauka, kulikuwa na vya juzi, na kimoja kilikuwa bado kinafuka. Sponji alirudi nyuma ameziba pua na mdomo, macho yamemtoka.

"Shuka," akamwambia mjukuu wake.

"Babu, mimi naenda juu. Siendi chini."

"Nimesema shuka."

Mtu mmoja aliyekuwa amelala kwenye gurudumu la kuzungusha watoto akafungua jicho, akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, hapa ni chooni siku hizi. Kiwanja kilihama."

Wakarudi. Sponji alinawa mikono uani kwa sabuni ya kufulia, akanawa tena, akamwomba mkewe ammwagie maji ya moto, na hakuwa amegusa kitu. Kiroboto akaenda kukaa mlangoni, mguu mbele. Bibi akauliza mtoto amecheza nini. Babu akamwambia akimsimulia hatakula. Bibi akala vizuri tu.

Kiwanja cha pili kilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye nyumba za watumishi, na hiki Sponji alikisifia njia nzima. Aliwahi kupeleka kochi huko. Kuna miti ya kivuli, akasema, kuna akina mama wanafagia, kuna bembea nne. Na kweli walipofika palikuwa pamefagiwa. Bembea zilikuwepo. Watoto walikuwa wamezikalia, wanakula vitafunio, kimya, kama wazee wanaosubiri kumuona daktari wa macho.

Kiroboto akakalia moja iliyokuwa wazi, akashika vyuma, akafumba macho.

"Babu, sukuma."

Babu akasukuma.

"Sukuma basi."

"Nimesukuma."

Akatazama vizuri. Bembea ilikuwa imechomelewa. Si minyororo, ni vyuma vigumu kutoka juu mpaka kwenye kiti, na kiti chenyewe kimechomelewa kwenye nguzo za pembeni ili kisitikisike. Ule ubao wa watoto wawili kupanda na kushuka nao ulikuwa umechomelewa katikati, ukakaa sawa kama benchi. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wake mapacha akamweleza kwa fahari. Walikuwa wanaibiwa, mzee wangu. Wauza vyuma chakavu walikuja usiku wakachukua minyororo, ikanunuliwa mingine, wakaichukua tena. Wakubwa wa mji wakakasirika, wakaleta mafundi, kila kinachocheza kikachomelewa. Sasa haviibiwi. Na wakubwa walikuja kupiga picha.

Kinyaa alichokuwa nacho Sponji kule sokoni angalau alikijua kinatoka wapi. Hiki cha sasa hakikuwa na sabuni ya kukinawa. Yaani mtu na akili zake alikaa kwenye kiti, pengine kiti alichokishona Sponji mwenyewe, akasema bembea isibembee, na wenzake wakampigia makofi. Akapeleka mkono chini ya kiti cha Kiroboto aone ile kazi ya kuchomelea. Vidole vikazama kwenye kitu laini. Chingamu za watoto wa mji mzima, zimebandikwa huko chini kwa miaka, nyingine mbichi, na makamasi juu yake.

Hapo ndipo safari ya pili ilipoishia.

Sitaki kukuchosha na vingine. Kulikuwa na kile cha kando ya mto ambacho waosha magari wamekivamia, nyasi zimekuwa nyeusi kwa oili, na mtoto wa watu anachezea povu. Kulikuwa na cha karibu na shule ambako mbuzi ndio wapangaji, na mwenye mbuzi anauliza mnataka nini hapa. Kila mahali ilikuwa vilevile. Kiroboto anaanza kupanda, babu anainama, anachungulia, anatoka amekunja uso kama aliyelamba betri, na mtoto anashushwa. Mwisho Kiroboto akawa hata haanzi kupanda. Wakifika anasimama pembeni anamsubiri babu yake amalize kuchungulia, kisha anajirudia mwenyewe kwenye pikipiki.

Kliniki ilikuwa imekaribia. Mama yake Kiroboto alipiga simu jioni, akauliza goti vipi. Sponji akajibu wanaendelea kutafuta kiwanja kinachofaa. Kisha binti yake akasema ameomba ruhusa kazini aje, maana mtoto wake hawezi kuchomwa sindano ya usingizi yeye hayupo. Akakata.

Bibi alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso.

"Mume wangu, nikuulize. Daktari alisema nani akakunje magoti?"

"Mtoto."

"Sasa mbona kila mnakokwenda anayeinama ni wewe? Wewe unapiga magoti, wewe unachutama, wewe unatambaa chini ya mitelezo. Magoti yako yamelainika vizuri, hongera. La mtoto ni fimbo ya kufukuzia kuku."

Usingizi wa Sponji usiku ule ulikuwa wa kugeukageuka, na springi ya kitanda, ambayo pia alishaahidi kuitengeneza, ikawa inamchoma mbavuni.

Kesho yake mteja akamwambia kuna kiwanja kipya kimejengwa barabara ya kutokea mji, bado hakijachafuliwa. Sponji hakumalizia hata kupiga pini. Akampakia Kiroboto pamoja na vipande vya sponji vilivyobaki kwenye kitanda cha mizigo cha pikipiki, wakaondoka.

Kiwanja kilikuwepo, na kilikuwa kizuri cha kukutoa machozi. Kwenye nafasi za geti la chuma uliona mitelezo ya rangi, bembea zenye minyororo mipya, ngazi za kamba, mchanga uliochekechwa. Ukuta umezunguka pande zote. Kwenye geti kulikuwa na kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na mlinzi amekaa kivulini. Sponji akamsalimu, akamwambia amemleta mgonjwa wa goti.

Mlinzi alimpokea kwa heshima zote. Akamwambia shikamoo mzee, pole kwa mgonjwa, lakini kiwanja bado hakijafunguliwa. Anasubiriwa mgeni rasmi aje akate utepe. Alikuwa aje, akapata safari. Akapangiwa siku nyingine, akapata mafua. Sasa wanasubiri. Mpaka akate utepe, hakuna mtoto wa kuingia.

Wakati anasema hivyo, juu ya mtelezo mwekundu kikatokea kichwa cha mtoto, kikapiga kelele za furaha, kikateleza.

"Na yule?" akauliza Sponji.

"Yule nani?"

"Aliyeteleza sasa hivi. Na yule mwingine anayening'inia kwenye kamba. Na wale walio kwenye bembea."

Mlinzi hakugeuka hata kidogo. "Mzee, mimi nimekabidhiwa geti. Geti unaliona, limefungwa, kufuli liko salama. Mambo ya karavati waulizwe wa karavati."

Karavati lilikuwa upande wa nyuma. Ni bomba la zege la kupitisha maji ya mvua chini ya ukuta, pana kiasi cha mtu kutambaa. Watoto wa mtaa wa pale walikuwa wanaingia na kutoka humo kama siafu. Mvua hazijaanza, kwa hiyo maji yenyewe hayakuwemo. Kilichokuwemo ni kila kitu ambacho maji yalikikuta njiani msimu uliopita yakachoka kukibeba. Sponji alichungulia kwa mazoea. Nepi. Utumbo wa kuku. Kiatu kimoja chenye kitu ndani. Ute wa kijani katikati, mwembamba, unang'aa kama mate ya konokono. Na harufu, ndugu yangu, harufu iliyompiga usoni mpaka ikamtoa chozi la jicho moja.

"Naingia," Kiroboto akasema.

"Huingii."

Akamshika mkono, akamrudisha kwenye pikipiki. Akapandisha mguu, akatia ufunguo. Nyuma yake mtoto hakulia wala hakubisha. Alipanda kwa shida kwenye kitanda cha pikipiki, akakaa juu ya vile vipande vya sponji, akaunyoosha mguu wake mbele. Kile kitendo chenyewe cha kuunyoosha ndicho kilichomchoma babu. Hakuuweka kwa kuumia, aliuweka kwa kuzoea, kama mtu anayeegesha mwamvuli mahali pake pa siku zote.

Sponji akatoa ufunguo.

Alichukua vipande viwili vya sponji, akamfunga mjukuu wake kwenye magoti kwa kamba ya kushonea, akamvisha mikononi mifuko ya plastiki. Akampeleka mdomoni mwa karavati, akamwambia asiguse uso, asifungue mdomo, apite haraka. Kiroboto akapiga magoti, au niseme akapiga goti moja, lile jingine likabaki limenyooka nyuma. Akaanza kujivuta kwa mikono, akapotea gizani.

Kidogo sauti ikatoka ndani, inavuma kama ya redio mbovu.

"Babu, nimekwama. Haliji."

"Rudi nyuma basi."

"Siwezi kurudi. Babu, nimekwama kweli."

Nyuma ya Sponji watoto walikuwa wameshapanga foleni, wanamwambia mzee ingia au tupishe. Sponji aliitazama suruali yake. Ilikuwa imepigwa pasi na mkewe asubuhi ile, ina mkunjo wa kukata mkate. Akayatazama mambo ya ndani ya karavati, yote aliyoyaona, na yale ambayo hakuyaona yalimtisha zaidi. Kisha mtu huyu ambaye hanywi chai mpaka ageuze kikombe akapiga magoti, akaingiza kichwa, mabega, tumbo, na kila kitu chake.

Naapa, kuna mambo mkono ukishayagusa haurudi kuwa mkono uleule. Hatua ya kwanza aligusa kitu baridi. Ya pili aligusa kitu vuguvugu, na hicho ndicho kilikuwa kibaya. Alipumua kwa mdomo, akaonja harufu, akafunga mdomo, akapumua kwa pua, akajuta. Nyongo ilipanda mpaka nyuma ya meno, akaimeza. Alifika kwenye nyayo za mjukuu wake anahema.

"Babu, mbona unapumua hivyo?"

"Nyamaza, songa."

"Umeshika nini?"

"Usiniulize nimeshika nini."

"Ni laini?"

"Kiroboto."

"Kina macho?"

Sponji, akiwa na nyongo kinywani, akatazama mkononi kwa kale kamwanga kadogo, akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, "Kilikuwa nalo moja."

Kiroboto akaanza kucheka. Alicheka kule ndani mpaka zege likamjibu, akacheka mwili wote unamtikisika, na babu mtu kwa hasira na kichefuchefu akaanza kumtajia kila anachokigusa, hiki kina manyoya, hiki kilikuwa nyanya, hiki sikijui na sitaki kukijua, na mtoto anazidi kucheka na kumkimbia. Ndiyo, kumkimbia. Maana Sponji alimwambia atampaka. Mguu mzuri ukaenda mbele. Ule mwingine, mbele ya macho ya babu yake, ukakokota, ukasita, ukakunjika kidogo, ukaenda nao. Mtoto aligumia. Akacheka tena. Ukakunjika tena.

Walitokea upande wa pili kwenye mwanga na mchanga msafi. Kiroboto hakusubiri aambiwe. Alikwenda kwenye ngazi ya mtelezo mwekundu, anachechemea, sponji zimemning'inia magotini, akaanza kupanda na wenzake.

Sponji aliinama akachungulia chini ya mtelezo. Mchanga mtupu. Alichungulia chini ya bembea, chuma safi. Kiwanja kizima kilikuwa hakina doa, na kitu kichafu pekee kilichokuwemo ni yeye. Watoto walimpisha, mmoja akamwambia mwenzake babu huyu ananuka. Yeye akasimama katikati ameachanisha mikono isigusane, nzi wanamzunguka, kama mtu anayehesabiwa makosa na dunia nzima, na kila Kiroboto anapoteleza anamwambia panda tena.

Jioni mlinzi alimwona kutoka getini, akasimama.

"Mzee, umeingiaje humo?"

"Wewe si unalinda geti? Linda." Kisha akakumbuka shida yake, akalainisha sauti. "Mwanangu, nifungulie tu nitoke. Nitazame nilivyo."

Mlinzi alimtazama, akasikitika kweli. Ufunguo, akasema, anao bwana mkubwa ofisini, na ofisi imeshafungwa. Yeye mwenyewe hajawahi kuingia humo. Ikabidi babu na mjukuu warudi walikopitia, na safari hii kulikuwa na giza, hakuona anachogusa, akawa anajikisia mabaya zaidi.

Bibi hakumruhusu kuvuka mlango. Alimvua nguo uani, akazichukua kwa kijiti, akammwagia ndoo juu ya ndoo huku akimuuliza kama ameanguka chooni au amefukuzwa humo. Sponji alisimama na povu kichwani, meno yanagongana, akasema goti limesogea. Bibi akaweka ndoo chini. Akamwita Kiroboto, akamshika mguu, akautazama. Halafu akaenda jikoni kuchemsha maji mengine, akaweka na limau.

Wakaenda siku iliyofuata, na iliyofuata. Usidhani alizoea. Watu wanasema mtu huzoea; Sponji hakuzoea hata siku moja. Kila akitoka kwenye ule mdomo wa zege anatema mate mpaka anakauka. Akikutana na picha ya mgeni rasmi kwenye gazeti la kufungia sofa, anaigeuza isimtazame.

Siku ya kliniki walikwenda wote, pamoja na mama yake Kiroboto aliyefika usiku na begi lake mkononi, macho mekundu. Daktari wa mazoezi alipima, akakunja, Kiroboto akakunja uso lakini hakupiga yowe. Kisha akamwambia asimame katikati ya chumba achutame.

Kiroboto akamtazama babu yake. Akashuka taratibu, mikono mbele, goti likafika pale linapogomea kila siku, likatetemeka, likapita. Akakaa chini kabisa kwenye visigino, akabaki hapo, hana hakika kama ameruhusiwa kuinuka. Mama yake aliliachia begi likaanguka.

Daktari aliandika. Hakuna sindano, akasema. Kisha kwa mara ya kwanza akatabasamu, akamuuliza babu walikuwa wanakwenda kiwanja gani, kwa maana ana watoto wengine wenye shida hiyohiyo na mama zao wanauliza pa kuwapeleka.

Hapa ndipo ungetegemea majigambo. Hata mkewe alijiandaa kuguna. Sponji alikohoa tu.

"Kile kipya, cha barabara ya kutokea mji."

"Kimefunguliwa?"

"Kidogo," akasema Sponji. "Upande wa nyuma. Waambie wabebe sabuni."

Daktari hakuelewa, akaendelea. Akamwambia kazi nzuri, ila wasiache. Goti bado halina nguvu. Waendelee na kiwanja hichohicho, kila siku, angalau mpaka mvua zianze.

Sponji akafikiria mvua ziko mbali kiasi gani, na mafua ya mgeni rasmi, na kile kiatu chenye kitu ndani ambacho bado hajathubutu kukisogeza. Akamshukuru daktari, akatoka nje kupata hewa.

Jioni ile walikuwa tena nyuma ya ukuta, na safari hii mama mtu naye amekuja, amesimama mbali amejiziba pua kwa kitambaa, anauliza baba, kweli humu? Kiroboto alikuwa ameshapiga magoti yote mawili mbele ya karavati. Akachungulia ndani, akarudisha kichwa, akajisogeza pembeni kwa adabu.

"Babu, leo tangulia wewe," akasema. "Kuna kitu kimekufa."

Babu akapandisha mikono ya shati, akamtukana mgeni rasmi na utepe wake kimoyomoyo, akaingia.